Boti Iliyozunguka Kushoto

Ninaacha kazi nikiwa na miaka thelathini na moja, na anayetaka kucheka acheke sasa amalize. Wengine wanastaafu na mvi, mimi ninastaafu na mutoto anayeota meno. Ngozi ya mikono yangu imekataa rezini, ile gundi kali tunayopaka boti. Daktari aliigeuza juu chini kama mtu anayechagua nyanya sokoni, akasema, "Mama, chagua. Hii kazi ao hii mikono." Nilikasirika. Nilimkasirikia daktari, nikaikasirikia rezini, nikazikasirikia glavu ambazo Patroni alisema zinakuja na mpaka leo ziko njiani. Halafu nikachagua mikono, kwa sababu mutoto hajifungi mwenyewe mgongoni.

Nawaandikia Nadine na Furaha, mlioingia atelie, hii karakana yetu, baada yangu na ambao bado mnaogopa kuuliza. Mshahara sitauandika, mnaujua. Vyeo havikuwepo: kulikuwa na Patroni, halafu sisi. Nitaandika kazi.

Siku ya kwanza nilikuja na diploma yangu ya sekondari ndani ya bahasha ya plastiki. Mtu alikuwa ameniambia kuna atelie ya boti kule Kamenge inayotafuta msichana mwenye mwandiko mzuri. Boti, Kamenge. Mnajua ziwa liko wapi na Kamenge iko wapi, mbali kabisa na maji. Nilifikiri ni wazimu ao ni wizi, lakini nilikuwa nimetafuta kazi mwaka mzima, hata wizi ningeuangalia kidogo.

Nikaingia kwenye kiwanja, nikakuta bati, meza tatu, na ukutani boti kumi na kitu zimening'inia, kila moja urefu wa mutoto wa chekechea. Nyekundu, njano, nyeupe, pua kama koleo. Mzee mmoja alikuwa ameinama juu ya ubao.

"Samahani, papa. Boti kubwa ziko wapi?"

"Hizi njo kubwa," akajibu bila kuinua kichwa. "Ndogo hatufanyake."

Huyo alikuwa Papa Wilondja. Alitoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, ambako alitengeneza mitumbwi ya wavuvi mpaka vita vikamhamisha. Kila ninachokijua kwa mikono yangu kimetoka kwake, isipokuwa hasira, ambayo nilikuja nayo.

Boti zenyewe mnazijua, lakini kama mtu mwingine atasoma hii karatasi, namweleza. Zamani, huko ng'ambo, kabla mama yangu hajazaliwa, wanaume walichukua mota za ndege za vita, wakaziweka ndani ya boti za mbao, wakashindana nazo. Boti hizo hazikati maji kama mtumbwi. Zikishika kasi zinainuka, na zinabaki zimegusa maji sehemu tatu tu: miguu miwili ya mbele, kulia na kushoto, na elise ya nyuma, lile panga dogo linalozunguka na kusukuma maji. Tena elise yenyewe nusu iko ndani na nusu iko hewani. Ndiyo maana nyuma yake kunaruka ule mkia mrefu wa maji. Sisi tunazitengeneza upya, ndogo, kwa mbao na rezini, tunaweka mota ya umeme na bateri, na zinaendeshwa kutoka ufukoni kwa telekomandi. Patroni ni enjinia, alisoma nje, akarudi na sanduku la picha za boti hizo badala ya sanduku la nguo. Nyingi zinauzwa kwa wapenzi wa mambo hayo huko mbali. Zinazobaki, yeye na wenzake wanazishindanisha Jumapili pale Kajaga, ufukoni mwa ziwa, wakitoka misa.

Kwa hiyo mwandiko wangu mzuri ulikuwa wa kuandika namba kwenye boti. Lakini siku ya kwanza sikuandika hata moja. Papa Wilondja alinipa mguu mmoja wa boti na kipande cha msasa, akaniambia nisugue. Nikasugua asubuhi nzima. Saa sita akaja, akafunga macho, akapitisha shavu lake juu ya ubao.

"Bado."

Nikasugua mpaka jioni. Akaja na shavu lake tena.

"Bado. Kesho."

Nilisugua mguu ule siku tisa. Siku ya nne nilimwambia mama yangu kwamba nimeajiriwa na mzee anayebusu mbao. Siku ya tisa akapitisha shavu, akapitisha tena, akasema, "Sasa fanya we." Nikafunga macho na kuweka shavu langu. Hapo ndipo nikaelewa. Kidole kinadanganya kwa sababu kimezoea kazi, shavu halijazoea. Kulikuwa na kilima kidogo karibu na ncha, kidogo kuliko punje ya ulezi, na shavu langu likakiona. Nadine, nakuona unasugua na kupima kwa kidole. Acha. Tumia shavu, na uoge kwanza.

Somo la pili lilikuwa picha. Papa Wilondja hakujua kusoma sana, lakini picha alizisoma kama kasisi anavyosoma misale. "Picha njo patroni," alikuwa anasema, tena mbele ya Patroni. "Ukiona musumari mu picha, weka musumari. Kama haumuone, usimuweke. We hauko fundi wa hii boti. Fundi alishakufaka. We unamusaidia tu." Kumbukeni maneno hayo, yatarudi.

Sitawaambia habari zote za boti zilizokufa, ni nyingi. Kuna ile iliyoruka juu, ikapigwa na upepo chini ya tumbo, ikaanguka chali ndani ya mashua ya mvuvi, katikati ya ndagala zake. Mvuvi aliinua ile boti, akaiangalia, akauliza kama tuna nyingine ya rangi ya buluu. Kuna ile iliyozimika katikati ya maji siku ambayo kiboko alikuwa amechagua kupumzika hapohapo. Sheria ya Kajaga mnaijua: boti ikizimika hakuna anayeingia majini kwa miguu, tunangoja mtumbwi, na kukiwa na kiboko tunangoja kiboko. Tulingoja mpaka saa kumi na moja. Kiboko alipoondoka alipita juu yake. Nilirudi na vipande kwenye ndoo, na Papa Wilondja akaviangalia kimoja kimoja, akasema gundi yangu ilikuwa nzuri kwa sababu mbao zimevunjika mahali pengine. Ni sifa ya kwanza niliyopewa kwenye kazi hii, na ilibidi kiboko asaidie.

Telekomandi nilifundishwa mwaka wa tatu, kwa bahati, siku ambayo Patroni alipata homa. Kosa la kila anayeanza ni moja: boti ikienda mbali nawe, kulia ni kulia, ikigeuka ikirudi kwako, kulia kunakuwa kushoto, na mkono wako haujui. Niligonga boya mara tatu. Papa Wilondja akanishika mabega, akanigeuza nikatazama upande uleule inakoelekea boti, mgongo wangu kwenye maji.

"Sasa angalia juu ya bega," akasema. "We uko ndani ya boti. Unaangalia mbele, boti inaangalia mbele. Kulia ni kulia."

Wanaume walicheka kuona msichana anaendesha boti akiwa ameipa mgongo. Mwezi mmoja baadaye hawakucheka. Kwa miaka minne mfululizo, kila boti mpya ya atelie, mimi ndiye niliyeijaribu. Fidèle, ambaye ni wa rika langu na ni fundi mzuri wa bateri na mota, alikuwa anasema mikono yangu ni ya kukata kitunguu. Nikamwambia kweli, njoo ulie.

Sasa nifike kwenye hasira.

Nikapata mimba. Nilisugua mbao mpaka mwezi wa nane, shavu langu na tumbo langu vyote juu ya meza. Nilipomwomba Patroni konje ya uzazi, ile likizo ya kujifungua, karatasi tu yenye tarehe, aliniangalia kama nimemwomba gari.

"Domi, hapa si ministere ya serikali. Utajifungua, utapumzika kidogo, utarudi."

"Kidogo ni ngapi?"

"Utajisikia mwenyewe."

Nilijifungua Lionel. Siku ya kumi Fidèle akaja nyumbani na sabuni na sukari, na ujumbe kutoka kwa Patroni kwamba kuna boti inatakiwa kusafirishwa, kama najisikia. Sikuwa ninajisikia kitu chochote, nilikuwa hata sijui leo ni siku gani. Wiki ya nne nilikuwa mezani, Lionel ndani ya boksi la mota za umeme, maziwa yakilowesha blauzi yangu. Hakuna aliyenilazimisha, watasema. Ni kweli. Walingoja tu nijisikie.

Na hapo nikafanya lile kosa. Mnajua ubao wa vibanio pale Kajaga. Telekomandi zetu ni za zamani, mbili zikiwashwa kwenye namba moja ya mawimbi ya redio boti zinachanganyikiwa na kwenda kuuana. Kwa hiyo kila namba ina kibanio chake cha nguo kwenye ubao. Unataka kuwasha namba nne, unachukua kibanio namba nne, unakibana kwenye shati lako. Kibanio kisipokuwepo, huwashi. Hakuna mjadala. Ni sheria nzuri, haijawahi kuvunjwa.

Jumapili moja nilirudi nyumbani na kibanio namba nne kwenye blauzi. Jioni nikafua nepi za Lionel, nepi kumi na mbili, nikapungukiwa kibanio kimoja, nikaangalia kifuani nikakuta kimoja. Nikamshukuru Mungu.

Jumapili iliyofuata nilibaki nyumbani kwa sababu mutoto alikuwa na homa. Pale Kajaga wanaume wanne wenye telekomandi za namba nne walikaa asubuhi nzima wakiangaliana. Kila mmoja alifikiri mwenzake amekificha. Mmoja alipekua mfuko wa shemeji yake. Mwingine alirudi nyumbani kwake Kigobe akiapa hatarudi tena kwenye klabu ya wezi. Hakuna aliyewasha. Na mimi niko Kamenge, namba nne iko kwenye kamba, imebana nepi.

Jumatatu nilikirudisha mwenyewe. Ningeweza kukitupa, hakuna ambaye angejua. Patroni hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alikinusa kile kibanio, akakiweka mezani, akasema kwa upole, "Mama Lionel, kichwa chako kiko nyumbani. Ni kawaida. Telekomandi tutamupa Fidèle."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita Mama Lionel. Mpaka siku ile nilikuwa Domi. Nyumbani jina hilo lilikuwa tamu, pale mezani lilikuwa mlango unaofungwa.

Nisingepiga kelele sana kama isingekuwa boti moja. Mwaka ule, kabla ya kujifungua, nilikuwa nimeanza boti yangu ya kwanza peke yangu, kutoka mti mpaka rangi. Papa Wilondja alikuwa amekwenda Uvira kwa mambo ya ukoo na akakawia miezi. Kwa hiyo sikuwa na wa kumwuliza. Nilikuwa na picha. Picha yenyewe ilikuwa nzuri kuliko zote za sandukuni: boti imeinuliwa na mashine ya kunyanyua vitu vizito, iko hewani, maji yanadondoka, tumbo lote linaonekana. Nilihesabu misumari. Niliweka kila kitu mahali picha ilipoonyesha.

Na boti yangu haikuwa na jina. Sheria ya pili ya Kajaga: boti haipewi jina mpaka imalize mizunguko mitatu peke yake majini bila kupinduka. Ikimaliza, aliyeshika telekomandi ndiye anayelitaja jina, na Patroni, ambaye ana mkono mzuri wa herufi kuliko hata mimi, analiandika palepale kwa brashi, na halifutwi. Ikishindwa mara nne, inavunjwa, mota inahamia boti nyingine. Ndiyo hivyo, hakuna makaburi kwenye klabu.

Fidèle akaipeleka majini Jumapili ya kwanza. Mimi nilikuwa nyuma, kwenye sanduku la Fanta, nawauzia wanaume waliokuwa wananiuliza zamani wafanye nini upepo ukitoka Congo. Boti yangu ikanyooka kama mshale, ikainuka, mkia wa maji nyuma yake mrefu kuliko nyumba. Nikasimama. Ikafika boya la kwanza, ikakunja kulia, mguu wa kushoto ukajikwaa ndani ya maji, ikapinduka chali.

Jumapili ya pili, vilevile. Boya la kwanza, kulia, chali.

"Sha, boti yako ina kiburi kama we," Fidèle akaniambia akiikausha. Hakusema kwa ubaya, alikuwa na aibu.

Jumapili ya tatu aliikunja polepole kama anayebeba mayai. Chali. Patroni akaandika kwenye daftari la klabu: tatu. Ilibaki moja.

Wiki ile Papa Wilondja alirudi kutoka Uvira, amekonda, macho yamezidi kuwa na ukungu. Nikamwekea boti mezani. Alifunga macho akapitisha shavu mbele mpaka nyuma, akasema mbao hazina neno. Halafu mkono wake ukateremka chini ya mguu wa kushoto ukasimama. Pale kuna pezi, bati dogo linaloshuka ndani ya maji na kuizuia boti isiteleze kwenye kona.

"Nani aliweka pezi huku?"

"Mimi, papa."

"Tunawekaka kulia."

"Picha inaonyesha kushoto."

"Leta."

Nikaleta. Akaiweka karibu na pua. Picha nyingine zote za atelie, boti iko majini, pezi halionekani. Kwa hiyo miaka yote aliliweka kulia kwa sababu Kajaga wanazunguka kulia, na hakuna picha iliyombishia. Hii ndiyo ya kwanza iliyoonyesha tumbo. Tukamwaga sanduku lote mezani tukaangalia tena, moja moja, na mimi nikaona kitu ambacho nilikuwa nimekiangalia miaka saba. Kwenye kila picha ya kona, boti zote zilikuwa zinakunja kushoto. Zote.

Papa Wilondja akaketi chini. Nikafikiri anaumwa. Alikuwa anacheka bila sauti, mabega tu.

"Miaka yote," akasema, "tunazipeleka kinyume. Wazungu wa mu picha wanatuangalia tu."

Fidèle naye akaja. "Basi rahisi. Hamisha pezi kulia. Kesho iko tayari."

"Nitoboe mguu ambao nao niliupiga msasa siku tisa?"

"Ni tundu mbili tu, sha."

"Picha inasema kushoto. Wa kuhama ni nyinyi."

Nilikuwa na hasira, sifichi. Lakini nilikuwa pia na haki, na vitu hivyo viwili vikikutana mtu anakuwa mwepesi kabisa. Nilirudi nyumbani naimba.

Jumapili ya nne nilifika Kajaga na Lionel mgongoni, boti kichwani, na nikaenda moja kwa moja kwenye ubao wa vibanio. Nikachukua namba nne, nikaibana kwenye kitambaa cha mutoto.

Patroni akaacha mazungumzo yake. "Mama Lionel. Ni Fidèle anaendesha."

"Fidèle, unaendesha?"

Fidèle akaangalia viatu vyake. "Mi mgongo unaniuma leo, Patroni."

"Tangu lini?"

"Tangu sasa."

Wanaume wakasogea. Nikamwambia Patroni mbele yao kwamba boti hii ni yangu, mikono yangu, rezini iko ndani ya ngozi yangu, na kama itavunjwa leo, itavunjwa na mimi. Nikamwambia pia kwamba nitazunguka kushoto.

"Kushoto haiwezekane. Kila mutu anajua ni kulia."

"Juu ya nini ni kulia?"

Akamwangalia mwenzake wa kwanza, halafu wa pili. "Tulianzaka hivyo," akasema.

Karatasi ya sheria imepigiliwa misumari kwenye ule ubao, mnaijua. Niliisoma kwa sauti, kwa sababu ni mimi niliyeiandika kwa mwandiko wangu mzuri. Mizunguko mitatu, peke yake, bila kupinduka. Nikamwonyesha kwa kidole. "Kulia iko wapi hapa? Na 'kila mutu' iko wapi?"

Mzee mmoja wa namba nne, yule aliyepekuliwa mfuko na shemeji, akasema, "Mwache. Kama inapinduka, inapinduka upande wowote." Wakacheka. Patroni akanyoosha mkono kuelekea maji, kama mtu anayemwachia kiboko apite.

Papa Wilondja aliiweka boti majini mwenyewe, magoti yake ndani ya maji, mtumbwi karibu. Mimi nikageuka, nikatia mgongo ziwani kama alivyonifundisha. Na hapo nikakumbuka kwamba mgongoni kuna mutoto. Mnajua kuangalia juu ya bega kama bega lina kichwa. Lakini Lionel alikuwa amelala, shavu lake limelala kulia. Kwa kuzunguka kulia nisingeona kitu ila kofia yake. Bega la kushoto lilikuwa wazi.

Nikasukuma. Boti ikanyanyuka, mkia ukatoka. Boya la kwanza. Nikapinda kushoto, na pezi likashika. Niliona lilivyoshika. Boti haikukata kona kwa kuomba, ilijipinda kama mtu anayejua nyumbani kwake.

Mzunguko wa kwanza. Wa pili. Fidèle alikuwa anahesabu kwa sauti, mgongo wake umepona. Kwenye mzunguko wa tatu mtumbwi wa mota ukapita huko mbali, na mawimbi yake yakaanza kuja, matatu, manne, yamepangana kuelekea boya la mwisho. Boti ikikutana na wimbi kwa kasi ile inaruka, na ikiruka imekwisha.

"Ngoja," Papa Wilondja akasema kutoka majini. Macho yake hayakuwa yanaona boya, nadhani hata boti hakuiona vizuri. Alikuwa anasikiliza elise.

Nikapunguza. Boti ikashuka, ikakaa majini kama bata, mawimbi yakapita chini yake moja moja, ikayumba. Lionel akaamka, akashika sikio langu akavuta. Sikugeuka.

"Sasa piga."

Nikapiga. Ikainuka tena, ikakata boya la mwisho kushoto, ikaja moja kwa moja ufukoni. Nikazima. Ilifika polepole mpaka kwenye mikono ya mzee, naye akaiinua na kufanya kile ambacho hakuwahi kufanya mbele ya watu. Akaipitishia shavu ikiwa inadondoka maji.

Patroni alikuja na kikopo cha rangi nyeusi na brashi yake nyembamba. Ni mtu wa sheria, hilo simnyimi. Akapiga magoti kwenye mchanga na suruali yake ya misa. Boti za kwenye picha, mnajua, nyingi zinaitwa Miss fulani, Miss mji gani, Miss bia gani. Alikuwa ameshachovya brashi.

"Haya. Miss nani?"

Nilikuwa nimelichagua tangu wiki ya nne, pale mezani, blauzi yangu imelowa.

"Andika: Konje ya Uzazi."

Brashi ikasimama. Tone likadondoka mchangani. Fidèle aligeuka akaenda kuangalia ziwa. Patroni aliniangalia, nami nikamwangalia, na Lionel naye, juu ya bega, akamwangalia.

"Yote?" akauliza.

"Yote. Mwandiko mzuri."

Akaandika. Herufi kumi na mbili, ubavuni, kutoka pua mpaka mkia, na nakiri aliziandika vizuri kuliko jina lolote lililo kwenye ule ukuta. Alipomaliza akasema kwa sauti ya chini, "Domi, wewe ni mubaya." Nikamwambia asante.

Telekomandi ilirudi kwangu. Jumapili zilizofuata walianza kuzunguka kushoto pia, mwezi mmoja kulia, mwezi mmoja kushoto, na boti nyingine zikawa zinahamishiwa pezi, na wote wanasema wao ndio waliogundua. Waacheni. Kabla ya mbio Patroni anaita majina, kama mnavyojua, na kila Jumapili lazima aseme mbele ya watu wote, "Konje ya Uzazi, iko tayari?" na mimi nikajibu, "Iko tayari." Sasa Furaha ndiye atakayejibu. Usijibu kwa aibu.

Meza nimeisafisha. Tupa za kunolea elise ziko kwenye soksi ya buluu, usizitumie kwa kitu kingine. Papa Wilondja anakunywa chai saa nne, sukari tatu, atasema mbili. Kibanio namba nne kiko kwenye ubao, nimekifua.

Na wewe Nadine, ulinificha, lakini mimi nilisugua mbao na tumbo, ninamjua mtu anayesimama mbali na meza. Wiki jana nilikuwa nakusanya vitu vyangu nyuma ya rafu nikakusikia ukimwomba Patroni ile karatasi yenye tarehe. Sauti yako haikuzidi ya panya. Nilingoja aseme hapa si ministere. Hata mimi nilikuwa nimeshashika nyundo, si kwa kitu chochote, nimeshika tu.

Boti yangu imening'inia pale juu ya meza yake, ubavu ukiwa kwake. Patroni akainua macho, akasoma alichokiandika kwa mkono wake mwenyewe, akaanza kutafuta kalamu.